Klabu ya magari ya zamani inatimiza miaka: jinsi ya kuandaa siku yenyewe bila mkweche hata mmoja kulala njiani

Kama klabu yenu ya magari ya zamani inatimiza miaka mitano, kumi, ishirini, najua kabisa kinachoendelea kwenye grupu la WhatsApp muda huu: tisheti rangi gani, ukumbi upi, MC nani, keki ya ghorofa ngapi. Wekeni pembeni hayo kwanza. Siku hiyo itakumbukwa kwa jambo moja tu, nalo ni magari mangapi yalitoka nyumbani kwa matairi yake, yakafika, na yakarudi. Hela na muda vianzie hapo, zikibaki ndo mnunue tisheti. Naandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani, msafara wa kwenda Bagamoyo na kurudi, ila walio Arusha, Mombasa au Nairobi wabadilishe majina ya barabara, na kwa walio Kenya sheria na vibali pia, mengine ni yale yale.

Kwanza: mnasherehekea tarehe ipi, na mtaisherehekeaje

Klabu nyingi zina tarehe mbili, ile siku jamaa wanne walikutana gereji wakakubaliana, na ile ya kwenye cheti kutoka kwa Msajili wa Jumuiya kule Mambo ya Ndani. Chagueni moja mapema, maana wazee waanzilishi watabishania hili mpaka siku ya sherehe yenyewe. Mimi ningechukua ya gereji, cheti kilikuja kuhalalisha kitu ambacho tayari kipo. Ila tarehe kamili isiwafunge. Ikiangukia Aprili katikati ya masika sogezeni mpaka kipupwe, Juni mpaka Agosti, kuna kaubaridi, barabara kavu, na injini za zamani zinashukuru. Wiper za gari la mwaka 1962 kwenye mvua ya Dar ni pambo tu.

Kuhusu namna ya kusherehekea, angalieni Waingereza. Tarehe 14 Novemba 1896 waliendesha magari kutoka London mpaka Brighton kufurahia sheria mpya iliyowaruhusu kwenda hadi maili 14 kwa saa, kama kilomita 22 hivi. Mpaka leo kila Novemba wanarudia njia ile ile, karibu kilomita 100, na yanaruhusiwa magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905 tu. Hakuna ukumbi wa kukodi wala kitambaa cha kufunika viti, sherehe yenyewe ni kuendesha. Sisi huku tuna historia yetu pia, Safari Rally ilianza 1953, enzi hizo inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania, akaishinda 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404. Kwa hiyo mtu akiwaambia 404 yake ni ya kukaa kwenye turubai na kupigwa picha, mkumbusheni hilo.

Pili: kamati ndogo

Watu watano wanatosha. Mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa barua na vibali, mtu wa njia na msafara, na fundi. Ndio, fundi awe mjumbe kamili mwenye sauti, sio mtu wa kupigiwa simu saa kumi na moja alfajiri gari likigoma kuwaka. Mkizidi hapo mtakuwa mmegeuka kamati ya harusi, vikao kila Ijumaa, vinywaji vinaliwa kwenye mchango wenyewe, na anayeongea sana ndo hajatoa hata mia.

Michango wekeni kiwango kimoja kinachobebeka, ilipwe kwenye namba ya klabu na sio ya mtu binafsi, na mweka hazina aweke orodha kwenye grupu kila wiki. Ahadi sio hela, pangeni bajeti kwa kilicholipwa. Na msiwatoze kabisa wazee waanzilishi waliokwisha kustaafu, wao waambieni waje tu.

Tatu: barua na vibali

Hapa pasiwachoshe ila msipapuuze. Sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla ya mkusanyiko au maandamano kwenye eneo la umma, na mstari wa magari ya zamani unaoziba njia kuna afande atauona ni maandamano. Nyie msingoje saa 48, pelekeni barua wiki mbili kabla kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa trafiki. Angalizo kwa njia ya Bagamoyo: mkishavuka Bunju mnaingia Mapinga, huo ni mkoa wa Pwani, polisi wengine kabisa, kwa hiyo barua ni mbili. Mkipeleka moja mtasindikizwa vizuri mpaka mpakani halafu mnaanza kujieleza upya barabarani huku injini zinachemka.

Muziki wa hadharani una leseni yake ya hakimiliki, ulizeni mwenye eneo kama analipia tayari. Droni inataka kibali, na mwenye droni akiwaambia "hakuna shida kaka" muombeni awaonyeshe karatasi. Bima ya kila gari ihakikiwe kwa namba ya stika, bima ndogo inatosha kisheria, ila wenye magari ya thamani wakate bima kubwa na wakubaliane thamani na kampuni kwa maandishi kabla, maana bila makubaliano gari la mwaka 1958 kwenye vitabu vyao halina tofauti na chuma chakavu.

Nne: njia

Dar mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70, tambarare, na vituo vya mafuta vipo vya kutosha. Jumapili asubuhi, mkutane saa kumi na mbili na nusu, muondoke saa moja kamili. Saa moja sio saa mbili. Kila dakika mnayochelewa mnaongeza jua na foleni, na foleni ndo adui mkubwa wa gari la zamani kuliko mlima, kwa sababu gari likisimama upepo hauingii kwenye rejeta.

Mtu wa njia aipite wiki moja kabla, siku na saa ile ile, aandike wapi kuna ujenzi, wapi matuta makali (gari lililoshuka springi linasugua), wapi pana uwanja wa kuegesha magari ishirini kwa mkupuo. Pangeni kusimama mara moja katikati, dakika ishirini, kila mtu afungue boneti aangalie, anuse, aguse. Magari mengi yanatoa dalili katika kilomita thelathini za kwanza, na ni afadhali dalili ziwakute mmesimama kivulini.

Wazo la pembeni: kabla ya kutoka mjini au siku ya kurudi, pitieni Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, kuna magari ya viongozi akiwemo Mwalimu, Rolls-Royce ipo pale. Ongeeni na uongozi mapema, klabu ya magari ya zamani kupiga picha ya pamoja pale ni picha ya miaka ishirini ijayo.

Tano: gari lenyewe (hapa someni polepole)

Ukaguzi ufanyike wiki mbili kabla, sio siku moja. Siku moja kabla ukigundua hosi imepasuka, spea iko Nairobi au kwa yule jamaa wa Kariakoo ambaye Jumamosi mchana anafunga. Fundi wa klabu akae mahali pamoja Jumamosi nzima, magari yaje kwake kwa zamu, na kila gari lipewe karatasi yenye sahihi yake. Bila sahihi huendi kwenye msafara, njoo na bodaboda tutakula wote.

Anzeni na breki, maana gari lisilowaka ni aibu tu ila lisilosimama ni msiba. Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana mfumo mmoja wa breki kwa magurudumu yote manne, yani hosi moja ikipasuka umepoteza zote, unabaki na hendibreki na dua. Angalieni hosi za mpira kwa kuzipinda, zikionyesha nyufa badilisha. Angalieni nyuma ya kila gurudumu kama kuna unyevu. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, na hewa ya pwani ndo kabisaa, kwa hiyo kama hayajabadilishwa zaidi ya miaka miwili yamwage uweke mapya utoe upepo. Maji yakiwemo humo, breki zikipata moto yanachemka na pedali inazama mpaka chini.

Matairi. Hapa kuna ubishi kila mwaka, "mbona kashata zipo bado", yani ile mikato ya juu ya tairi. Kashata sio hoja, hoja ni umri. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, mfano 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi hilo hata likiwa na kashata za dukani mpira wake umeshakufa, litapasuka ukiwa spidi themanini. Kama tarakimu ni tatu tu basi hilo tairi ni la kabla ya 2000, liweke makumbusho.

Mafuta. Petroli yenye risasi huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara iliondoka sokoni mwanzoni mwa 2006, na injini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kuitegemea, ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za ekzosi. Kwa mwendo wa Bagamoyo wa taratibu haina neno, ila kama silinda hedi imeshuka kwa sababu nyingine yoyote mwambie fundi aweke viti vigumu kabisa mmalizane. Kikubwa zaidi ni hosi za mafuta. Kwenye Volks injini iko nyuma, hosi ya petroli inapita juu ya moto pale karibu na kabureta, ikizeeka inavuja tone tone, na Beetle nyingi zilizoungua ziliungua hivyo hivyo. Hosi mpya na klipu ni hela ya chai.

Tukiwa hapo hapo kwenye Volks, haina rejeta, inapozwa na upepo wa feni, na mkanda mmoja ndo unazungusha dainamo na feni kwa pamoja. Kwa hiyo ile taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa barabarani usiseme "ah betri, nitaangalia nikifika". Simama hapo hapo zima. Huenda mkanda umekatika, injini haina ubaridi, dakika chache tu zinatosha kuiua. Bonyeza mkanda kwa dole gumba, uzame kama milimita 15, ukizama sana unaondoa shimu kati ya vipande viwili vya puli. Beba mkanda wa akiba na spana ya kuufungulia. Oili ni lita mbili na nusu tu na haina filta ya maana, ni chujio, kwa hiyo ikichelewa kubadilishwa uchafu unazunguka humo humo. Platina (ile swichi ndogo ya cheche ndani ya distribyuta) weka mwanya wa milimita 0.4, na ukibadilisha platina badilisha na kondensa, hela yenyewe ndogo.

Wenye Peugeot 404, kumbukeni difu zenu nyingi sio kama za magari mengine, ndani kuna gia ya mnyoo na gurudumu la shaba. Fundi mgeni akija na oili ya kisasa ya difu, ile kali yenye GL-5, anaweza akaikwangua shaba hiyo bila wewe kusikia chochote mpaka siku inaanza kulia. Muulize anaweka nini KABLA hajafungua kizibo. 504 haina shida hiyo, na kusema kweli 504 haina shida nyingi, ndo maana zilibeba abiria Kenya nzima miaka na miaka.

Magari ya Kiingereza, Land Rover za mwanzo, Morris, Austin: nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zimefungwa umeme kinyume, yani chanya ya betri ndo imeenda kwenye bodi. Mtu akija kukupa chaji kwa waya kutoka kwenye gari lake la kisasa, unafunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kama kawaida, LAKINI bodi ya gari lako isiguse ya kwake, yakigusana ni cheche na moshi. Halafu Volks za zamani, za kabla ya 1967 hivi, nyingi ni volti 6, hizo usizipe chaji ya volti 12 kabisa, bora msukume. Andikeni kwa karatasi kwenye kioo cha mbele "VOLTI 6" au "CHANYA BODI", maana siku ya tukio anayekuja kusaidia sio lazima awe anajua.

Magari yanayozima yakipata moto halafu yanakataa kuwaka mpaka yapoe: mara nyingi sio umeme, ni petroli imechemka ndani ya bomba karibu na injini ikawa mvuke, pampu inavuta hewa tupu. Beba kitambaa na chupa ya maji, lowanisha, funga kwenye pampu na bomba, subiri dakika tano, piga stata. Wazee wa rali walikuwa wanafanya hivyo na bado inafanya kazi.

Mengine ya haraka: mtungi wa zimamoto uwe ndani ya kabini na sio kwenye buti chini ya mizigo, triangle mbili, tochi, maji lita tano, waya, tepe, fyuzi. Tanki lijazwe siku moja kabla kwa sababu geji za magari haya zinasoma mwaka wa kutengenezwa tu.

Sita: msafara

Mpangilio wangu ni huu na sibadilishi: gari la kuongoza, linalojua njia, halafu magari ya polepole kuliko yote, halafu ya kati, halafu yenye nguvu mwisho. Watu wanapenda kuweka Mercedes zinazong'aa mbele kwa ajili ya picha, matokeo yake Mercedes zinafika Bagamoyo zinakunywa soda wakati Morris Minor ya mzee bado iko Bunju peke yake na wajukuu ndani. Mwendo wa msafara ni mwendo wa gari dogo kuliko yote. Spidi 60 inatosha, kwenye makazi 50 kama sheria inavyosema, na trafiki wenye tochi za kupima spidi wapo hata Jumapili.

Mwisho kabisa lifuate gari la fundi lenye vifaa, na nyuma yake bredauni mliyokubaliana nayo bei kabla. Bei ya bredauni unayoipigia simu ukiwa umekwama sio bei, ni hukumu.

Kila dereva ana kazi moja, kumwangalia wa nyuma yake kwenye kioo. Ukiona hayupo unapunguza, wa mbele yako atakuona umepunguza naye atapunguza, habari inafika mbele bila simu. Gari likiharibika linatoka nje ya barabara, linasimama la fundi peke yake, wengine WOTE wanaendelea mpaka kituo kilichopangwa. Hili ni gumu kwa Waswahili, kila mtu anataka kushuka aangalie na kutoa ushauri, mwisho magari kumi na tano yamesimama ukingoni, bodaboda zinapita katikati, watoto wanavuka barabara.

Msiwashe hazadi mkiwa mnatembea. Najua inaonekana nzuri na kila msafara wa harusi unafanya, ila inaficha indiketa na wa nyuma hajui unakata wapi. Na kuna magari hayana indiketa kabisa au yana ule mkono unaochomoza ubavuni ambao bodaboda wa leo hajui ni kitu gani, hao watumie mkono kupitia dirisha la kulia, na kama usukani uko kushoto abiria wa mbele ndo apewe kazi hiyo, afundishwe nyumbani. Mpiga picha asikae mgongoni kwa bodaboda akiwa ameangalia nyuma, awekwe kwenye gari la wazi au atangulie akae sehemu tatu zilizochaguliwa.

Saba: mkishafika

Egesheni kwa mwaka wa kutengenezwa na sio kwa ukubwa wa mtu. La zamani zaidi mwanzo, jipya mwisho, mgeni anatembea anaona miaka inavyopita. Swali la gari gani linahesabika kuwa la zamani, shirikisho la dunia FIVA linasema angalau miaka 30, limetunzwa katika hali sahihi ya historia yake na sio la kutumia kila siku. Kwetu sharti la mwisho ni gumu, kuna wanachama gari lao la mwaka 1974 ndo linapeleka watoto shule, na mimi siwezi kumtoa mtu kwenye klabu kwa sababu gari lake linafanya kazi. Hali kadhalika waliofunga injini ya Toyota. Waje, ila kwenye kadi ya maelezo waandike ukweli.

Hiyo kadi ni muhimu kuliko maua. Karatasi ngumu, iwekwe mbele ya kioo: aina ya gari, mwaka, injini, nani aliwahi kulimiliki na lilikuwa linafanya nini, nini kimebadilishwa, fundi gani amelishika. Jina la fundi liwepo. Mfano:

"Land Rover Series IIA, 1966. Dizeli. Ilinunuliwa mnadani kutoka mashamba ya mkonge Tanga. Chasi imechomelewa upya, bodi ni ile ile na mabonde yake. Usipande juu, watoto wanaruhusiwa kukaa ndani wakimuomba Mama hapo pembeni."

Mkutano wa hotuba uwe mfupi. Mwenyekiti dakika tano, mgeni rasmi dakika tano kama yupo, halafu mapema kabisa kabla ya chakula wazee waanzilishi waongee wakiwa wamekaa, kijana mmoja awarekodi kwa simu iliyochajiwa, maiki karibu na mdomo. Msiwaambie "mzee tueleze historia ya klabu", hapo utapata hotuba. Muulize kitu kidogo. Yaani iwe hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, hii 404 uliinunua kwa nani?"

"Kwa Mhindi mmoja wa Upanga, alikuwa anahama. Akaniambia lete nusu leo, nusu nyingine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi sina hela, nikamrudishia ufunguo, akakataa kuupokea…"

Hapo umeshamfungua, mwache aende. Waiteni pia wajane na watoto waliorithi magari, na hata wale waliouza, wana picha kwenye albamu ambazo nyie hamna. Tangazeni mapema kila mtu alete picha na kadi ya zamani ya gari, wekeni meza moja na simu ya kuzipiga picha papo hapo, na picha irudi kwa mwenyewe siku ile ile asiondoke bila albamu yake.

Mafundi. Hawa wakae meza ya mbele. Sio kusimama nyuma wakiwa wamevaa ovaroli wakingoja gari la nani limegoma. Siku hiyo waje na familia zao, waitwe mmoja mmoja kwa majina yao kamili, mana nusu ya wanachama wanamjua fundi kwa jina la "Babu Kabureta" miaka yote. Zawadi iwe ya maana, seti nzuri ya spana au multimita, ngao ya mbao ataipeleka wapi.

Chakula Bagamoyo sio tatizo, pweza, kamba, mishkaki, ndizi. Kama mna wachaga wa kutosha kwenye klabu ndafu itakuja yenyewe, itembezwe ikiwa imevalishwa, muikate pamoja na keki. Wanaoendesha kurudi hawanywi, simameni kidete kwenye hili, wanaotaka kunywa walale Bagamoyo au walete dereva.

Nane: tuzo

Kwa Nairobi kuna Concours d'Elegance pale uwanja wa farasi Ngong, mashindano ya uzuri wa magari, na majaji wanakagua mpaka chini ya gari kutafuta uchafu na vitu visivyo vya asili. Ni mashindano mazuri, watu wanajiandaa mwaka mzima. Ila kwenye birthday ya klabu msiige hivyo, mtampa kikombe yule yule mwenye hela ya rangi kila mwaka. Tuzo tatu zinatosha: gari lililotoka mbali zaidi kwa matairi yake, gari lililopigiwa kura na watoto (wape stika kila mmoja aibandike kwenye kadi anayoipenda, SIO kwenye rangi), na gari lililokaa juu ya mawe muda mrefu halafu likafufuliwa. Hiyo ya tatu ndo inaleta machozi.

Tisheti: rangi moja, nembo mbele, mwaka nyuma, basi.

Tisa: baada ya siku yenyewe

Kurudi muanze saa tisa, msikubali giza liwakute. Taa za volti 6 zinamulika mdudu tu, na barabarani usiku kuna malori yaliyoharibika yamewekewa majani badala ya triangle. Mpangilio wa msafara ni ule ule, na kila aliyefika kwake aandike "nimefika" kwenye grupu, mtu wa njia halali mpaka orodha ikamilike.

Jumatatu osheni magari chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa aliyeshuka karibu na ufukwe. Wenye Land Rover mnajidanganya na bodi ya alumini, haipati kutu kweli, ila chasi ni chuma na inaoza kutoka ndani kimya kimya, ingizeni mpira wa maji kwenye yale matundu ya chasi mpaka maji yatoke safi.

Mweka hazina aweke mahesabu ndani ya wiki moja, na risiti zikiwa zimepigwa picha. Hela ikibaki msigawane wala msile, nunueni sanduku la klabu: mikanda ya feni ya Volks, platina na kondensa za aina tatu nne, hosi za petroli na za breki, diaframu za pampu. Likae kwa fundi, na anayechukua anaandika jina na kurudisha kingine.

Rekodi za wazee na picha zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, sio kwenye simu ya mtu mmoja. Kila picha iandikwe nani yupo na gari la nani, kuanzia kushoto, na kazi hiyo apewe mtu wiki hiyo hiyo, wakati wanaowajua waliomo bado mnao wa kuwauliza.